Mvua Isiyozinduliwa

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja. Si kwamba naogopa. Jina la zamani lilipigwa marufuku, na jipya bado halijazinduliwa, kwa hiyo kwa sasa tunaiita Nchi, basi. Wageni wakituuliza tumetoka wapi, tunaonyesha kwa kidole upande wa nyuma.

Kwetu hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Huo ndio ustaarabu wetu na tunajivunia. Kisima kikichimbwa, maji hayachotwi mpaka mkubwa aje akate utepe, anywe glasi moja, akohoe kidogo, apigiwe makofi. Pale Mbondo kuna zahanati nzuri ya matofali ambayo utepe umefungwa mlangoni tangu rangi ya kuta ilipokuwa mbichi. Akina mama wanajifungulia barazani, mbele ya utepe, na muuguzi wao anasifiwa wilaya nzima kwa sababu hajawahi kuugusa. Zamani ulikuwa mwekundu, sasa jua limeufanya mweupe, na mkuu wa wilaya ameahidi kuleta mwingine.

Mimi ni mshereheshaji wa serikali. Ni yule anayeshika kipaza sauti na kusema naomba tusimame, naomba tukae, makofi tafadhali. Naitwa Mbaraka Ntandu lakini watu wananiita Makofi, na mke wangu naye siku hizi ananiita hivyo. Nimezindua madaraja, vyoo, mizani ya pamba na mbwa wa polisi. Nilidhani nimeshaona yote, mpaka nilipoitwa Bonde la Kisanzu kuzindua kupanda.

Wizara inayohusika ilikuwa ikiitwa Wizara ya Kilimo. Siku hizi inaitwa Wizara ya Maamuzi ya Mkulima, na waziri wake ni Mheshimiwa Dakta Fulgensi Matandiko. Udaktari wake ni wa heshima, alipewa na chuo alichokizindua mwenyewe. Wizara ilitaka kujua ni mambo gani humfanya mkulima apande hiki asipande kile, na kwa nini mavuno ya Nchi yanapungua wakati hotuba zinaongezeka. Wataalamu wakatumwa kufanya utafiti. Wakapanga hoteli moja nzuri ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo hakuna shamba hata la maua, na wakulima wakasombwa kwa malori kuletwa pale kuulizwa maswali.

Majibu yaliwashangaza wataalamu. Ikaonekana kwamba mkulima, kabla ya kupanda, huangalia mvua. Hukumbuka bei ya mwaka jana, huuliza kama barabara inapitika, huangalia nyumbani kuna mikono mingapi ya kupalilia, na kuliko yote hayo hufikiri watoto wake watakula nini. Walipoulizwa wasaidiweje ili waamue vizuri zaidi, wakulima walisema waambiwe bei kabla ya kupanda na si baada ya kuvuna, mbegu zifike kabla ya mvua, barabara itengenezwe, na waachiwe kuchagua wenyewe kiasi gani walime cha kula na kiasi gani cha kuuza. Walisema hayo bila kupigana wala kutukana, wakarudishwa kwao kwa malori yaleyale.

Siku ya kuzindua ripoti Mheshimiwa Waziri alisoma muhtasari wa muhtasari, akavua miwani, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama karibu yake.

"Ndugu zangu, nimehuzunika," alisema. "Nimegundua kwamba mkulima wetu anaamua mwenyewe."

Ukumbi mzima ulisikitika pamoja naye. Mtu mzima anaamka asubuhi, anatazama mawingu, anashika jembe, hajauliza mtu. Ikaamuliwa palepale kwamba mzigo huo wa kuamua, ambao umemchosha mkulima tangu enzi za mababu, sasa ubebwe na serikali. Sheria ikapita. Tangu siku hiyo hakuna ruhusa ya kupanda chochote popote katika Nchi mpaka Waziri aende Bonde la Kisanzu, atie mbegu ya kwanza ardhini na kutamka kwamba kupanda kumefunguliwa. Wakulima wataitikia kwa makofi, halafu wataenda kupanda walichoambiwa.

Sasa nimtaje mtu mmoja, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Anaitwa Asteria Nyakunga, mjane anayelea wajukuu, na shamba lake liko kando ya barabara pale Kisanzu, jirani kabisa na kiwanja kilichochaguliwa kwa uzinduzi. Mwaka uliotangulia, waziri aliyekuwepo aliamuru bonde zima lipandwe alizeti. Asteria alitii. Alizeti ikachanua mpaka watu wa mjini wakawa wanakuja kupiga picha za harusi humo ndani, wakimwambia asogee kidogo asionekane. Mnunuzi hakuja. Alipotafutwa wizarani, ikaonekana kwamba hakuwa ameteuliwa. Mwaka ule wajukuu wa Asteria walitafuna mbegu za alizeti asubuhi na jioni, na mdogo wao akaanza kuvimba miguu.

Kwa hiyo mwaka huu Asteria alikuwa na jambo moja tu kichwani: mahindi. Alikuwa na mbegu aliyoirithi kwa mama yake, aliyoihifadhi kwenye debe lenye majivu ili isibunguliwe. Hakuigusa hata ile miezi mibaya ya alizeti, ingawa mdogo yule alikuwa akilijua debe na kuliangalia. Mahindi hayo yakiota, nyumba itakula. Yasipoota, safari hii hakuna hata cha kutafuna.

Mvua ikaja. Ikaja vizuri, mvua ya kulowesha bila kubomoa, kana kwamba kuna mtu aliyeiomba kwa maneno mazuri. Bwana shamba wa Kisanzu, Zebedayo Kihwili, akapita na pikipiki na kipaza sauti akitangaza kwamba asipande mtu, Mheshimiwa hajafika. Watu wakakaa vizingitini na majembe yao wakiangalia maji yanavyopita. Asteria alimfuata bwana shamba akamuuliza sasa mvua hii ni ya nini kama si ya kupandia.

"Mama, hii ni mvua ya mazoezi," Zebedayo alimwambia. "Yenyewe itakuja na Waziri."

Alimwambia hayo akiangalia pembeni, maana naye alikuwa na shamba.

Mheshimiwa Waziri hakuwa amekaa bure. Alikuwa ng'ambo, kwenye mkutano mkubwa wa kujadili kwa nini wakulima wa nchi za joto hawapandi kwa wakati. Mkutano ulipaswa kumalizika mapema, lakini mgeni rasmi wa kuufunga alichelewa, na wajumbe wakalazimika kuendelea kulala hotelini na kuogelea. Huku Kisanzu magugu, ambayo hayana adabu, yalikuwa yameshaanza bila kufunguliwa na mtu.

Asubuhi moja Asteria alichukua debe lake akaingia shambani. Hakujificha. Alianza upande wa barabara, mchana kweupe, akichimba na kufukia. Zebedayo akafika na pikipiki, akaizima, akamuuliza kwa sauti ya kazi anafanya nini.

"Naficha mbegu," Asteria alisema. "Nyumbani kuna panya."

Bwana shamba alimtazama yeye, akatazama udongo uliolowa, akatazama barabara kama kuna gari linakuja.

"Basi zifiche kwa mstari, mama," alisema. "Na uziachie nafasi."

Akawasha pikipiki akaenda zake. Ndiyo tendo la utaalamu pekee lililofanyika katika wizara ile mwaka mzima, na sikulikuta kwenye ripoti yoyote. Asteria alimaliza shamba lake, akabakiza kibaba kimoja cha mbegu chini ya debe kwa ajili ya kurudishia pale ambapo ndege watafukua. Majirani hawakuthubutu kumfuata. Walipita wakitazama, wakaenda kukaa tena vizingitini.

Mahindi yakaota. Yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakafika gotini, kijani kibichi, na ndilo lililokuwa shamba pekee lenye kitu katika bonde lile. Halafu mvua ikakoma, kama ilivyo kawaida yake kukoma. Juma hilohilo ikaja simu kwamba Mheshimiwa amerudi salama na sasa yuko tayari kufungua kupanda.

Nilikwenda kukagua kiwanja pamoja na mkuu wa wilaya, Bwana Severini Lugome, mtu mnene mwenye kucha safi sana. Kiwanja kilikuwa kimekauka na kupasuka. Kila gari lilipopita vumbi lilisimama na kukataa kukaa. Lugome aliona kwamba watu wa runinga wakija watapiga picha ya Waziri akipanda kwenye majivu, na kwamba picha ile itamfikia mkubwa zaidi, na kwamba yeye Lugome atahamishiwa mahali pasipo na lami. Alisimama pale akijifuta shingo. Ndipo alipogeuka akaona, ng'ambo ya njia, shamba la Asteria.

Nilitegemea atakasirika. Mtu amevunja sheria ya Nchi kwa ekari nzima. Lakini hakukasirika, alitabasamu. Nimekula na wakubwa wa kila namna, ila mbele ya tabasamu lile niligeukia pembeni, nikajifanya nakohoa vumbi.

Mgambo wakaja na majembe na toroli. Wakayang'oa mahindi ya Asteria moja moja na udongo wake, wakayasomba kwenda kuyapanda upya kwenye kiwanja cha uzinduzi. Asteria alitoka mbio jikoni, mikono ina majivu, akaja kusimama mbele ya Lugome.

"Mheshimiwa, hicho ndicho chakula cha wajukuu wangu. Hakuna kingine."

"Mama, haya mahindi yalipandwa kabla ya kupanda kuanza," Lugome alimjibu kwa upole kabisa. "Kisheria hayapo. Nitakuwaje nimekuchukulia kitu ambacho hakipo?"

Akampongeza kwa mchango wake kwa taifa, akamwambia jina lake litatajwa. Asteria hakulia. Aliwatazama mgambo mpaka toroli la mwisho, na mjukuu wake mdogo akakaa chini ukingoni mwa shamba akawa anachomeka kidole kwenye kila shimo lililobaki. Nilipaswa kuwa nakijaribu kipaza sauti, kwa hiyo nikasema moja, mbili, tatu. Sauti yangu ikasikika bonde zima, na nilijichukia kwa kila tarakimu.

Siku yenyewe ikafika. Turubai zikafungwa, zulia jekundu likatandikwa juu ya matuta, spika zikatundikwa kwenye nguzo hadi kule mlimani ili asikose mtu kusikia. Wakulima walikalishwa chini juani tangu asubuhi, mstari kwa mstari, na Zebedayo akawagawia fulana zenye picha ya Waziri akitabasamu na mbegu mkononi. Mahindi yale, kwa kuwa yaling'olewa na jua lilikuwa kali, yalikuwa yameanza kulala. Mgambo wakayafunga vijiti nyuma ili yasimame, wakayamwagilia maji ya chupa yaliyoletwa kwa ajili ya wageni. Chupa kwa chupa, maji baridi, mbele ya watu waliokuwa wamekauka midomo. Mtoto mmoja aliinuka kwenda kukinga mikono chini ya jani, akarudishwa mahali pake.

Mheshimiwa Waziri aliwasili mchana umeshapinda, na ving'ora na magari meusi. Akapita juu ya zulia mpaka kiwanjani, akavalishwa glavu nyeupe, akakabidhiwa jembe lililopakwa rangi ya dhahabu. Akainama kutafuta pa kuweka mbegu, akakuta mahindi yanamfikia gotini. Alimuuliza Lugome kwa sauti ya chini imekuwaje yameota kabla hajapanda.

"Ni kwa ajili ya kuja kwako, Mheshimiwa," Lugome alisema. "Yalisikia."

Mimi nilikuwa na kipaza sauti pembeni yao na niliuona uso wa Waziri. Mnaweza kudhani alicheka, au alikunja uso, au walau alijua. Hapana. Aliamini. Macho yake yalilowa kidogo, akaligusa jani moja kwa kidole cha glavu kama baba anayemgusa mwanawe, na jani likakatika. Mwongo unaweza kumvumilia, lakini mtu aliyeshiba kiasi cha kuamini kwamba mahindi yanamsikia, huyo utamfanya nini?

Akapanda jukwaani. Alisema kwamba mataifa mengine yanangoja mvua lakini sisi tunangoja uongozi. Alisema kwamba kuanzia dakika hiyo kupanda kumefunguliwa rasmi, pandeni, pandeni, pandeni, na kila aliposema pandeni watu walitazama juu, ambako hakukuwa na wingu hata la kufutia machozi. Nikaomba makofi. Yakaja machache, makavu.

Kisha ikaja tuzo ya Mkulima Mtiifu, na ratiba ilisema ni Asteria. Lugome alikuwa ametimiza ahadi ya kumtaja. Asteria akapewa cheti chenye kioo na jembe jipya lisilo na mpini, kwa sababu mpini ulikuwa kwenye bajeti nyingine. Desturi inataka mshindi aseme neno la shukrani, nami nikampelekea kipaza sauti. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito. Nilimnong'oneza aseme asante tu, akanitazama.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "shikamoo. Tunashukuru umefika. Kupanda tumekungoja kama tulivyoagizwa, na mvua haikuweza kungoja, ikaenda zake. Sasa baada ya hapa inakuja njaa. Naomba na yenyewe iwekewe mgeni rasmi. Mpaka siku utakayopata nafasi ya kuja kuizindua, wajukuu wangu wasiisikie."

Lugome aliloa jasho mpaka tai ikabadilika rangi. Wakulima waliinamisha vichwa, na nadhani wengine walikuwa wanamsubiri mgambo. Waziri alikaa akifikiri, akaomba kalamu, akaandika, halafu akasimama akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu.

Alisema hilo ni wazo kubwa, na ndiyo maana serikali inapenda kuwasikiliza wananchi. Akatamka palepale kwamba tangu siku hiyo njaa haitaanza mahali popote katika Nchi bila kufunguliwa na wizara yake, na atakayeisikia kabla ya hapo atahesabika ametangulia serikali. Meza kuu nzima ikasimama kushangilia. Lugome alipiga makofi kwa nguvu za mtu aliyetolewa shimoni. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa kazi ni yangu, nami nikasema makofi tafadhali. Neno lile nimelisema maisha yangu yote, lakini siku ile lilinitoka likiwa na ladha ya kutapika.

Ikafuata chakula. Wakubwa waliingia kwenye turubai lenye feni, na wakulima wakabaki juani, kwa sababu kwetu hairuhusiwi mtu kuondoka wala hata kuinuka kabla mgeni rasmi hajainuka mezani. Nilipeleka kipaza sauti meza kuu kwa ajili ya dua ya kubariki chakula. Dua ilipokwisha nilikiweka pale, kando ya sahani ya Waziri. Sikukizima. Watu wameniuliza mara nyingi kama nilisahau, na mimi huwajibu kwamba nimefanya kazi hii muda mrefu.

Basi bonde zima likaanza kusikia. Kwanza kijiko kwenye sahani. Halafu kutafuna, kwa mdomo ulio wazi, na pilau ikigeuzwa huku na huku shavuni. Halafu paja la kuku likivunjwa, mfupa ukifyonzwa, ukitolewa, ukifyonzwa tena kwa bidii zaidi kutafuta kilichobaki ndani. Zile spika zilikuwa mpya na nzuri sana. Kila mlambo wa kidole ulifika mlimani ukiwa mzima. Meno ya Waziri yalitembea juu ya vichwa vya watu ambao hawakuwa wametia kitu kinywani tangu jana, na watoto waliokuwa wamelala mapajani mwa mama zao wakaamka wakaanza kumeza mate.

"Mchele mzuri huu," sauti ya Waziri ikasema, imejaa. "Wa wapi?"

"Wa nje, Mheshimiwa," sauti ya Lugome ikajibu. "Wa kwetu haukuwahi."

"Wavivu," Waziri akasema, na akacheua.

Asteria alikuwa amekaa mstari wa mbele, jembe lisilo na mpini mapajani. Aliposikia kule kucheua aliinuka. Watu wakamshika gauni wakimkumbusha akae, Mheshimiwa bado anakula. Akajinasua taratibu, akakiacha cheti chini, akavuka zulia jekundu na miguu yake ya vumbi. Akaingia nyumbani kwake, akatoka na debe. Kibaba kile alichokibakiza kilikuwa bado chini ya majivu. Kule chini kabisa kuna ukanda wa kijito ambao ardhi yake haikauki upesi, nao ulikuwa umetengwa kwa ajili ya bustani ya kupumzikia viongozi, bado haijazinduliwa. Asteria alishika njia ya kuelekea huko.

Zebedayo Kihwili alikuwa amesimama penye utepe wa kiwanja na fulana yake ya Waziri. Alimwangalia akipita na jembe lile la zawadi lisilo na mpini. Akainama, akang'oa kiguzo kimoja kati ya vile vilivyoshika utepe, akakipima mkononi. Utepe ukaanguka vumbini. Akamfuata, akalichukua jembe mkononi mwake, akalichomeka kwenye kiguzo, akaligonga mara kadhaa kwenye jiwe na kumrudishia.

Ndipo wakainuka wengine. Hawakupiga kelele. Aliinuka mmoja, wakainuka wanne, ukainuka mstari, wakakung'uta vumbi, na wale waliokuwa na mbegu zilizozeeka majumbani wakaenda kuzichukua. Wakatelemka kijitoni mvua ikiwa imeshakwenda na ruhusa ikiwa haijatoka, na kutafuna kwa Waziri kukiwasindikiza kutoka kila nguzo. Mgambo walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa ameng'oa mahindi mengi kuliko wenzake, aliegemeza rungu lake kwenye turubai akawafuata.

Kiwanjani hapakubaki mtu ila sisi tuliokuwa kivulini, na mahindi yaliyofungwa vijiti, ambayo sasa yalikuwa yamelala kabisa. Ukimya wa watu ulipozidi, ndipo Mheshimiwa Waziri alipoinua kichwa kutoka kwenye sahani na kusikiliza. Akatafuna kidogo, akaacha. Akatafuna tena. Akakunja uso kwa kinyaa, mafuta yakimtiririka kidevuni, akanigeukia mimi.

"Makofi," alisema, na spika zote zikasema pamoja naye, "nani huyo anayekula vibaya namna hiyo?"

Nikasimama wima, kama itifaki inavyotaka, nikamjibu kwamba ni mgeni rasmi.